Jumanne ya Arlys Brekke

Kwa miaka ishirini na tisa, watu wa Bruner Falls walipata habari za shule zao kutoka mkono mmoja, na mkono huo haukuwa wa mkurugenzi wala wa mjumbe yeyote wa bodi. Ulikuwa wa Arlys Brekke, karani wa shule ya msingi, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa mnyororo na sauti inayoweza kumsimamisha mtoto anayekimbia mwisho wa korido bila yeye kunyanyuka kitini.

Hakuwa amepanga maisha hayo. Alizaliwa shambani, mtoto wa sita kati ya wanane, kwenye nyumba ambayo ng'ombe walikamuliwa kabla watu hawajanywa kahawa. Alipomaliza sekondari alijifunza kupiga chapa katika majira mamoja ya baridi, akaolewa na Orrin Brekke wa kiwanda cha karatasi, akalea watoto watatu. Mdogo wao alipoanza darasa la kwanza, shule ilimwomba Arlys ashike nafasi ya karani aliyekwenda kujifungua. Wiki sita tu, walimwambia. Yule karani alijifungua mapacha, akaona hawezi kurudi, na Arlys akabaki.

Jarida la wilaya alilirithi pamoja na meza. Kurasa nane kila mwezi, zinazokwenda kila nyumba yenye sanduku la barua, iwe na mtoto shuleni au haina. Arlys aliandika mambo yote humo: chakula cha wiki, safari za riadha, nani kachaguliwa kwenye bodi, dereva gani wa basi anastaafu. Toleo la Mei ndilo lililokuwa nono kuliko yote, maana theluji ikishaondoka kila mtu hutaka kufanya kitu. Mwaka huo aliandika kwamba darasa la nne limechemsha utomvu wa miti ya maple na kupata chupa kumi na moja za sharubati, na chupa moja imevunjikia kwenye mkoba wa mwalimu. Aliandika siku ya kuandikisha watoto wa chekechea, na dansi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Aliandika kwamba sanduku la vitu vilivyopotea lina glavu kumi na nne, zote za mkono wa kushoto, na kama kuna mtoto wa mikono miwili ya kushoto aje azichukue.

Watu walilisoma jarida lile kwa sababu ya mambo kama hayo, lakini walilisadiki kwa sababu nyingine. Arlys hakosei. Hilo lilijulikana mjini kama saa ya benki inavyojulikana.

Ukweli ni kwamba aliwahi kukosea mara moja, mwanzoni kabisa. Dereva mmoja mzee alifariki, na katika tangazo la kifo chake Arlys aliruka herufi moja ya jina la ukoo. Mjane wake alikuja dirishani na jarida mkononi. Hakufoka. Aliuliza tu, "Unayo nakala iliyo sawasawa, mwanangu? Nataka kuiweka kwenye Biblia." Haikuwepo. Arlys alikaa akapiga chapa nakala moja tu, peke yake, akampelekea mama yule nyumbani kwake. Tangu siku hiyo alisoma kila mstari kwa sauti mara tatu kabla haujakwenda kwa wachapaji. Alisomea nyumbani, mezani, na Orrin alijua kwamba siku ya jarida ndiyo siku ya kutafuta kazi ya kufanya gereji.

Sasa, Jumanne ile ya katikati ya Mei, Arlys alibaki shuleni baada ya kengele. Redio ilikuwa imetangaza kwamba usiku kutakuwa na jalidi, ile baridi kali inayoua mimea, na wanafunzi wa kilimo wa sekondari walikuwa na miche mia sita ya kuuza Jumamosi, yote ndani ya kibanda cha plastiki ambacho hita yake ilikuwa imegoma. Lyle Kubiak, mtunza majengo, alifungua ukumbi wa michezo wa shule ya msingi, na jioni nzima wakabeba trei: nyanya, pilipili, kabichi, maua ya kila rangi. Walizipanga juu ya meza za chakula, meza zilipojaa wakazipanga sakafuni. Ilipofika saa kumi na mbili ukumbi ulinuka udongo mbichi kama shamba lililolimwa leo. Wanafunzi wakaenda zao. Arlys akarudi ofisini kuchukua koti.

Hapo ndipo aliposikia milango ya magari ikifungwa nje, mmoja baada ya mwingine.

Alidhani ni mechi ya softiboli ya wasichana, ule mchezo wa mpira na gongo, iliyokuwa ikiendelea uwanja wa nyuma. Kisha mlango mkubwa ukafunguliwa na akaingia mzee mmoja mrefu aliyevaa suti ya kahawia na tai. Arlys alimtambua: Elmer Tollefsrud, aliyewahi kuwa na duka la matrekta pale mjini kabla hajahamia kwa binti yake, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Arlys! Bado upo? Nilifikiri wamekuweka kwenye kabati la vikombe vya ushindi."

"Nafasi haitoshi, Elmer. Umepotea njia?"

"Nimekuja kumsikia Britta akiimba. Kitukuu changu. Darasa la tatu, mstari wa mbele, maana ni mfupi kama mama yake."

Arlys akacheka kwa huruma. "Pole, mzee wangu. Tamasha ni keshokutwa, Alhamisi."

"Alhamisi?" Elmer hakubishana. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa jarida la wilaya alilotumiwa kwa posta, limekunjwa mara nne, akalifungua taratibu, akaweka kidole chini ya mstari. "Macho yangu si mazuri. Hebu nisomee hapa."

Arlys akavaa miwani yake. *Tamasha la machipuko la kwaya na bendi ya shule ya msingi. Jumanne, saa kumi na mbili unusu jioni, ukumbi wa michezo. Wote mnakaribishwa.*

Aliusoma mara moja. Akausoma tena, kana kwamba neno lingeona aibu na kubadilika. Akashika kaunta. Alikumbuka yote kwa mara moja: alikuwa amechukua aya ya mwaka jana ili abadilishe tarehe, kidole kikiwa tayari, simu ikalia, mtoto wa darasa la kwanza katapika ndani ya basi. Alipomaliza mambo ya basi alirudi kwenye aya akaiona imekaa vizuri, akaendelea. Na mara tatu zote alizoisoma kwa sauti ilisikika vizuri, maana haikuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba haikuwa kweli.

"Elmer," alisema polepole, "hebu kaa kidogo."

Hakuwa na muda wa kukaa yeye. Watu walikuwa wakiingia. Walikuja akina baba waliochana nywele kwa maji, akina bibi wenye mikoba ya kanisani, mama mmoja akisukuma kigari cha mapacha. Na waliwaleta watoto wenyewe, mashati meupe, viatu vya kubana, nyuso zimenuna. Arlys alisikia mvulana mmoja akisema kwa uchungu, "Mwalimu Vang alisema Alhamisi! Nimekwambia tangu Ijumaa!"

"Na Bi Brekke kaandika Jumanne," alijibu mama yake, akimfunga kifungo cha shingoni. "Kati yako na Bi Brekke nimsikilize nani? Simama wima."

Maneno yale yalimchoma Arlys kuliko kama angetukanwa. Watoto walikuwa wamesema kweli, na mji mzima ulikuwa umewakatalia watoto wake kwa ajili ya karatasi yake.

Mkurugenzi wa wilaya, Gerald Stroik, alikuwa kwenye mkutano makao makuu ya jimbo. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda na timu ya riadha. Wenye mamlaka pale walikuwa yeye na Lyle, na Lyle alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi, ufagio mkononi, akiangalia watu wakiingia kati ya miche kwa kupinda viuno.

"Lyle, nimeharibu. Nimeandika Jumanne."

Lyle alitafuna habari ile. "Sema ni wachapaji," akanong'ona. "Wako mji mwingine, hawatasikia."

Hatutasema uongo: Arlys alilifikiria. Alilifikiria kwa muda wa kuvuka korido, hatua kama ishirini. Lingepita kabisa, hakuna ambaye angeuliza mara mbili. Alipofika mwisho wa korido alikuwa ameshashika simu, akimpigia mwalimu wa muziki.

Mai Kou Vang alikuwa na miaka ishirini na mitano na huo ulikuwa mwaka wake wa pili kazini. Alikuwa mpole, wa kuongea chinichini na watu wazima, ingawa mbele ya watoto sabini alibadilika akawa kamanda.

"Uko wapi, mwalimu?"

"Kwa mama, tunapanda vitunguu. Kuna nini, Bi Arlys? Mbona sauti yako hivyo?"

"Una watu mia mbili hapa ukumbini."

"Mia mbili wa nini?"

"Wa tamasha lako."

Nyuma ya sauti ya mwalimu Arlys alimsikia mama yake akiuliza kitu kwa Kihmong, lugha ya kwao. "Bi Arlys, tamasha ni Alhamisi."

"Wewe unajua. Mimi nimejua sasa hivi. Wao ndio hawajui. Nimekosea jarida, binti yangu. Usihangaike kuja, nilitaka tu usikie kutoka kwangu kabla hujasikia dukani. Nakwenda kuwaambia warudi nyumbani."

"Watoto wapo?"

"Wengi wapo. Wamevaa mashati."

"Nipe dakika kumi na mbili. Usimruhusu mtu aondoke."

Arlys alipanda kiti. Alikuwa amewatangazia watu hawa mambo kwa karibu miaka thelathini, lakini kwa karatasi. Sasa wote walikuwa wamemgeukia, miche ikiwafika magotini.

"Jamani, naomba mnisikilize. Tamasha ni Alhamisi. Jarida limesema Jumanne. Jarida nimeandika mimi, nimelisoma mimi, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nimewatoa majumbani mwenu kwa kosa langu. Nisameheni."

Mahali fulani karibu na kabichi, sauti ndogo ikapaa: "Nilikwambia!"

Na kutoka pembe nyingine: "Hata mimi nilikwambia!" Halafu zikawa kumi, ishirini, watoto wa kila darasa wakiwashutumu wazazi wao kwa furaha ya watu walioshinda kesi, na wazazi wakaanza kucheka. Mama wa kigari alicheka hadi akashika nguzo. Mtu mmoja akapaza sauti, "Bi Brekke kakosea! Andikeni tarehe!"

Elmer Tollefsrud alikuwa ameshapata kiti cha mstari wa mbele. "Mimi nimevaa tai," alitangaza. "Mara ya mwisho nilivaa kwenye mazishi. Siivui mpaka nisikie wimbo."

"Mwalimu Vang yuko njiani," Arlys alisema kutoka juu ya kiti, "lakini sijui..."

Hakumaliza. Watu walikuwa wameanza kuhamisha trei. Zile za katikati ziliwekwa chini ya meza, nyingine zikapakatwa. Baba mmoja aliyekuwa fundi wa mabomba akakaa na mche wa nyanya kwenye kila goti, kama amepewa watoto alee. Jukwaa la kwaya lilikuwa halijajengwa, kwa hiyo Lyle akakokota mabenchi matatu. Bendi haikuwezekana: ala zilikuwa zimefungiwa kabatini na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa bendi, aliyekwenda kuvua samaki. Kwaya basi.

Mai Kou aliingia amevaa buti za mpira, udongo kwenye kucha, msuko wake mrefu umefungwa kwa kamba ya bustani. Aliangalia ukumbi, akamwangalia Arlys. Arlys alifungua mdomo kuomba radhi tena.

"Baadaye," alisema Mai Kou. "Wangapi wanakosekana?"

"Kumi na wanane. Nimewahesabu. Saba wako uwanjani, wanacheza."

"Nani ataniitia?"

Arlys alitoka mwenyewe. Alivuka nyasi zenye maji kwa viatu vyake vya ofisi, akasimama nyuma ya wavu, akatumia ile sauti yake ya korido. Mchezo ulisimama. Kocha alisikiliza, akakuna kichwa, akamwita mwenzake wa upande wa pili, na hao wageni, wasichana wa mji wa jirani, wakasema kama kuna tamasha na wao wanakuja kutazama. Basi walikuja wote, matope hadi mapajani, wakakaa sakafuni karibu na mlango.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikwenda vizuri zaidi, na Britta Tollefsrud, mstari wa mbele, aliimba akimtazama mzee Elmer bila kupepesa macho. Wa tatu ulikuwa juu ya barafu inayovunjika mtoni, wa sauti mbili, na huo ndio uliokuwa haujaiva. Mai Kou aliwageukia watu. Uso ulikuwa umemwiva, lakini alisema kwa sauti iliyofika nyuma.

"Mwisho wa huu hatuuwezi bado. Nilikuwa nimetenga kesho yote kwa ajili yake. Naweza kuuruka. Au tufanye mazoezi mbele yenu."

"Fanyeni!" wakajibu.

Basi wakafanya. Watu wa Bruner Falls walikuwa wamehudhuria matamasha miaka yote, lakini hakuna aliyewahi kuona yanavyopikwa. Walimwona yule binti mpole akisimamisha watoto hamsini na tisa kwa kuinua kidole kimoja. "Sauti ya pili, mmelala. Barafu inavunjika, nyinyi mnavuta blanketi. Tena." Wakaimba tena. "Nani kavuta neno la mwisho? Nimekusikia, usiangalie dari. Tena." Mara ya tatu walifika mbali zaidi, wakaanguka pale pale. Akina baba walikuwa wameinama mbele, mikono magotini, kama watu wanaotazama dakika za mwisho za mechi. Mche mmoja wa pilipili ulivunjika mkononi mwa mtu, naye hakujua.

Mara ya nne walivuka. Sauti mbili zilitengana, zikapanda kila moja kivyake, zikakutana juu mahali ambapo hazikuwahi kukutana hata darasani, na watoto wenyewe walishtuka hadi wengine wakasahau kufunga midomo. Ukumbi ulilipuka. Wasichana wa softiboli walipiga sakafu kwa glavu zao.

Arlys alikuwa amesimama ukutani karibu na maua, mahali alipozoea kusimama na makaratasi ya ratiba kila tamasha. Leo hakuwa na karatasi. Alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na alipojaribu kupanga sura yake alishindwa, akaiacha.

Kesho yake asubuhi Gerald Stroik alimwita. "Funga mlango, Arlys."

Alikuwa amejiandaa. Aliweka mezani karatasi mbili: masahihisho kwa ajili ya jarida la Juni, na barua fupi ya kuomba mtu mwingine apewe kazi ya kuliandika.

Gerald alisoma ya kwanza. Ya pili hakuisoma, aliigeuza chini juu. "Nimepigiwa simu kumi na saba tangu saa moja."

"Wamekasirika?"

"Kumi na sita wanauliza kama ya Alhamisi bado ipo. Mmoja anauliza zile nyanya ni za aina gani." Alijikuna kidevu. "Ila nafikiri kuanzia sasa nilisome mimi kabla halijakwenda kwa wachapaji. Jicho la pili."

"Ulilisoma."

"Nililisoma?"

"Saini yako ipo. Uliandika pembeni, 'Safi sana.'"

Gerald aliichukua ile karatasi aliyoigeuza. "Labda jicho la tatu," akasema, na barua ya Arlys akaitia kwenye kapu la taka.

Alhamisi ukumbi ulijaa kuliko mwaka wowote. Miche ilikuwa imerudishwa kwenye kibanda chake, jukwaa limejengwa, bendi ipo, na mwalimu wa bendi aliulizwa na watu tisa kama samaki walinasa. Mai Kou alivaa gauni jeusi na viatu vyenye kisigino. Elmer alikuja tena, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na tai ile ile, na pai aliyoiacha ofisini bila maelezo. Watoto waliuimba wimbo wa barafu bila kosa tangu mwanzo hadi mwisho. Ni vizuri kusema kwamba wako waliotoka wakidai ule wa Jumanne ulikuwa mtamu zaidi, na jambo hilo lilibishaniwa kwa kinyozi na kwenye foleni ya posta mpaka shule zikafungwa.

Arlys siku hiyo hakusimama ukutani. Orrin alikuwa amemwekea kiti, akakaa, mkoba magotini, akasikiliza tamasha zima kama mgeni.

Jarida la Juni lilibeba masahihisho ukurasa wa mbele, si nyuma walikoyazoea watu: *Mwandishi wa jarida hili aliandika Jumanne badala ya Alhamisi. Watoto wa shule ya msingi walijua siku iliyo sahihi na waliisema. Wazazi wanaombwa kuwasikiliza.*

Aliliandika jarida kwa miaka mitatu zaidi, hadi alipostaafu, na aliendelea kulisoma kwa sauti mara tatu. Hata hivyo mengine yalipenya: mwezi mmoja aliwapa watoto supu mara mbili Jumatano, mwezi mwingine alimfanya mjumbe mpya wa bodi kuwa na umri wa miaka mia moja na nne. Zamani mtu angeona kitu kama hicho na kudhani macho yake ndiyo mabovu. Sasa walikizungushia kalamu nyekundu na kumletea dirishani wakitabasamu, wengine kwa foleni, watoto wakiwa ndio wakali kuliko wote. Arlys alivaa miwani, akaangalia, akasema, "Eeh, umenikamata," kisha akavuta droo ya chini, alikoweka peremende.